Mbolea ya Mashine

Mwanamume akirudi nyumbani na unga mabegani lakini mkononi hana unga, mambo ni mawili: ama ana mke mwingine wa kumsagia, ama kuna kitu kinachomsaga yeye. Kavata, mama yake Kiema, alikuwa akilitafuna jambo hilo tangu mwezi wa saba, na hakulitema. Mtu wa miaka sabini na nane hasemi kila anachokiona. Akisema kila kitu, wataanza kumficha.

Mwongeli, mke wa Kiema, hakuwa na nafasi ya kutafuna chochote. Yeye alikung'uta tu lile koti la mumewe la kanisani kila jioni, akalitundika, akaendelea na kazi. Mzee wa kanisa akipita posho mili ya Mwau, kule kunakosagwa unga, kusalimia watu, atachafuka. Basi.

Lakini siku moja adhuhuri mawingu yalipanda upande wa Makueni, meusi, yamevimba kama mashavu ya mtu aliyeumwa na jino, na Mwongeli akamwambia mama mkwe wake, "Mwaitu, mama, twende tutazame mbegu. Kesho tupande."

Mvua ya Kathonzweni ni kama mgeni wa kutoka Nairobi: huja kwa kelele, hunywa chai, huondoka. Ikikukuta hujapanda, imekwenda. Ndengu lazima zilale kwenye udongo mkavu, zikiisubiri. Msimu uliopita walichelewa siku nne tu, wakavuna majani. Tangu hapo walikula kwa kupimiwa, na karo ya mwana wao Ben shuleni ililipwa kwa mbuzi, mmoja mmoja, mpaka mbuzi wakaisha. Kilichobaki ni madebe matatu ya mbegu na ng'ombe wawili wa kulima, Dereva na Kondakta. Nyumba nzima ilikuwa imesimama juu ya vitu hivyo viwili.

Pipa la bluu lilikuwa pembeni mwa ghala, limejaa hadi mdomoni. Mwongeli akafunua. Ndengu, zimechanganywa na majivu kuzuia wadudu, vile alivyoziweka mwenyewe. Akatia mkono kuzigeuza. Vidole vikaingia: ndengu. Mkono ukaingia hadi kifundo, ukakutana na kitu kingine. Kizito. Baridi.

Akatoa ngumi, akaifungua. Mchanga wa mto.

Hakupiga kelele. Akachota tena, akachota tena, mpaka kucha zikauma. Mchanga juu ya mchanga. Ndengu zilizokuwa juu hazikuzidi gorogoro mbili, makopo mawili ya kupimia.

"Mwizi," alisema. "Mwaitu, tumeibiwa."

Kavata aliinama, akaokota mchanga kidogo, akautazama kama mtu anayetazama chumvi dukani. "Mwizi wa mbali hachukui taabu ya kubeba mchanga," alisema. "Huyu alitaka pipa lionekane limeshiba. Huyu anakuogopa wewe. Mume wako ameenda wapi?"

"Amempeleka Dereva kudungwa sindano."

"Na Kondakta?"

"Amesema Kondakta hana shida."

"Toka lini Dereva akaugua peke yake? Hao wawili hata kuhara huhara pamoja." Kavata alijipangusa mkono kwenye leso. "Leo ni siku ya mnada, mwana wangu. Vaa viatu."

Mwongeli alivaa viatu, kimoja chake na kimoja cha Ben, na hakugundua mpaka walipofika barabarani. Alikuwa amefunga ndengu kiasi kwenye pindo la leso, bila kujua kwa nini. Labda mkono ulikataa kuziacha na ule mchanga.

*

Bodaboda iliwashusha kwenye geti la mnada saa nane kasoro kidogo. Kavata alikuwa amekaa katikati kama gunia la mkaa, na alishuka akilalamika kwamba yule kijana wa pikipiki amekataa kumpunguzia nauli hata baada ya kumkumbatia njia nzima. Mwongeli hakucheka. Alikuwa amemwona Kiema.

Alikuwa anatoka getini haraka, mkono umekandamiza mfuko wa shati kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. Alipowaona alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, na kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa na barabara imejaa waumini, akatabasamu.

"Aiya! Na nyinyi mmekuja soko?"

"Kamba iko wapi?" Kavata aliuliza.

"Kamba gani, Mwaitu?"

"Ya Dereva. Mikono yako haina kamba."

Kwao ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Muuzaji humvua ng'ombe kamba kwa mkono wake mwenyewe, akaitupia begani, akarudi nayo nyumbani ili zizi lisibaki bila tumaini. Hata mlevi hukumbuka kamba. Kiema aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Umemuuza," Mwongeli alisema.

"Sijamuuza. Nime... Mama Ben, nisikize kwanza. Nimechukua elfu arobaini na sita kwa Hamud, yule mnunuzi wa mifugo. Jioni namrudishia, naongeza, namchukua Dereva. Na mbegu pia nanunua. Mbegu mpya, za paketi. Nipe saa moja tu."

"Kwa hivyo mchanga ni wako."

Hapo lile tabasamu likamwanguka. Watu wawili wa kwaya walipita, wakasema, "Bwana asifiwe, mzee," naye akaitika, "Amina, amina."

Mwongeli alimshika mkono, akamvuta nyuma ya kibanda cha kupimia mbuzi, ambako hakuna anayetaka kusimama kwa sababu ya harufu. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kilichomtisha zaidi: macho ya mume wake. Yalikuwa yakimtazama bila kumwona. Yalikuwa yameshafika mahali pengine.

"Niambie," alisema. "Yote. Polepole."

Kiema alichuchumaa vumbini, na hapo, ajabu, akachangamka kama mwalimu. Nyuma ya posho mili ya Mwau kuna chumba, alisema. Kelele za kinu huficha kelele za chumba. Ndani kuna mashine ya karata, ya kioo. Unaweka pesa, inakupa karata tano. Unazoona nzuri unabonyeza kuzishika, mbaya unazitupa, inakupa zingine. Karata zikipatana, unalipwa.

"Kama ile ya wazungu kwa sinema," Kavata alisema.

"Sasa hii ya Mwau iko na kitu kingine, Mwaitu. Iko na mbolea."

"Mbolea?"

"Ndivyo tunavyoiita. Ukishinda mkono huu, yaani zamu moja ya karata, mashine inakuandikia mara ngapi itakulipa mkono unaofuata. Ukipata karata mbili kubwa zinazofanana, mkono unaofuata ni mara mbili. Tatu zinazofanana, mara nne. Na ukipata tatu za aina moja na mbili za aina nyingine, hiyo tunaita boma kamili, mashine inakuandikia mara kumi na mbili. Kumi na mbili, Mama Ben! Wewe ni mkulima. Ukiniambia shamba hili litazaa mara kumi na mbili, nitaliacha lilale?"

"Na umelipata hilo boma?"

"Jana jioni!" Alisimama, akachuchumaa tena. "Iko pale, kwa kioo, mara kumi na mbili, inanisubiri. Lakini Mwau amechukua nilichoshinda, anasema ni cha deni. Nilikuwa nimechezea mkopo kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Elfu kumi na nane. Amekataa nikae mpaka nilipe. Nimeacha koti kwa kiti, ajue ni kiti changu. Saa tisa anatoa koti, anakalisha mtu mwingine. Mtu mwingine avune mbolea yangu!" Sauti ilipanda, akaikaba. "Karata nne zinazofanana kwa mara kumi na mbili ni elfu thelathini. Mkono mmoja. Nimepiga hesabu."

Mwongeli alikuwa ameishia darasa la saba, lakini kwa hesabu mwalimu alikuwa akimsimamisha mbele kufundisha wavulana. Akafungua pindo la leso, akamwaga ndengu kwenye kiganja.

"Mkono mmoja ni pesa ngapi?"

"Mia mbili. Sarafu kumi za mashine, ishirini ishirini."

Akapanga ndengu kumi vumbini. "Haya. Nimelipa. Nimepata zile mbili zinazofanana. Nipe pesa yangu."

Kiema alimrudishia ndengu tano.

"Zingine?"

"Hizo tano zingine ndizo zinanunua mbolea. Tano za kucheza, tano za mbolea. Malipo yanahesabiwa kwa zile tano za kucheza tu."

"Kwa hivyo nimeshinda, na nimerudishiwa nusu."

"Lakini mbolea umepata."

"Mashine iliimba?"

"Ilipiga muziki, ndiyo."

"Ilikuimbia ukila hasara." Mwongeli alizitazama zile tano zilizobaki upande wa mashine. Zilionekana nyingi. "Na nikiamka na hiyo mbolea yangu, niende nyumbani nikapike?"

"Huwezi. Lazima ucheze mkono unaofuata, tena kwa kulipa kumi kamili. Ukilipa tano, haihesabiki. Ukiondoka, atakayekaa ndiye anaichukua."

"Kwa hivyo inakulipa kitu ambacho huwezi kubeba."

Kiema alizipanga upya zile tano.

"Na huo mkono unaofuata, karata zisipopatana?"

"Basi hiyo... inaenda. Unaanza tena."

"Umewahi kupata kumi na mbili mara ngapi?"

Kiema alitoa mfukoni daftari dogo, lile la michango ya ujenzi wa kanisa, akaligeuza nyuma. Alikuwa ameandika kila kitu, kwa mwandiko safi. Mtu anaweza kupotea akiwa na mwandiko safi. "Mara kumi na tisa tangu mwezi wa saba. Hii ya jana ni ya ishirini."

"Na hizo kumi na tisa, zilivuna ngapi?"

Kidole kilishuka kwenye ukurasa, kikapanda, kikashuka. Kilikuwa kidole cha mtu ambaye ameandika lakini hajawahi kusoma. "Nane," alisema. "Nyingi ni zile mbili mbili tu."

"Na kumi na moja?"

"Hakuna."

"Kumi na mbili mara hakuna ni ngapi, Baba Ben?"

Kinu cha Mwau kilisikika kutoka ng'ambo ya soko, kikiunguruma kama kitu chenye njaa. Kiema aliangalia ndengu vumbini.

"Ukimwaga mbolea kwa udongo mkavu," Mwongeli alisema, "inafanya nini?"

"Inachoma mbegu," Kiema alisema. Hilo mtoto wa Kathonzweni hujua kabla hajajua jina lake.

Mwongeli alidhani amefika. Alidhani sasa atalia, au ataomba msamaha, au atasema twende tukamchukue Dereva. Badala yake Kiema aliinua uso, macho yale yale, na kunong'ona, "Lakini iko pale, Mama Ben. Kumi na mbili. Nimejaribu kulala jana, nikifumba macho naiona. Nikirudi nyumbani leo bila kuicheza, kesho nitauza Kondakta. Najijua. Nifunge na kamba, nitakata kamba."

Hapo ndipo Mwongeli alipoogopa sawasawa. Mwizi unaweza kumfukuza, mlevi atalevuka. Huyu alikuwa amesimama mbele yake, ameelewa kila kitu, na kuelewa hakukumsaidia.

Kavata alijikongoja akasimama. "Basi twende tukaione hiyo nyoka," alisema. "Haiwezi kufa tukiwa hapa."

*

Hakuna mwanamke aliyewahi kuingia chumba kile, isipokuwa mfagiaji. Wanaume sita, weupe kwa vumbi la unga, waligeuka kama maiti walioamshwa. Mmoja alikuwa shemasi. Akaanza kuikagua dari, kana kwamba ameitwa kuirekebisha.

Mashine ilikuwa kwenye kona, na mbele yake kiti, na juu ya kiti koti la Kiema la kanisani, mabega yakiwa yametundikwa vizuri, kama mtu asiye na kichwa. Juu ya kioo kulikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu, yakizimika na kuwaka: x12. Moyo wa Mwongeli ulipiga pamoja nayo. Zima. Waka. Zima.

"Mzee wa kanisa!" Mwau aliinuka kwenye kreti ya soda. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, na mkononi alishika kopo la majani ya chai. "Umekuja na familia? Karibu, Mama Ben. Cucu, nyanya yetu, karibu. Kuna deni kidogo hapa, elfu kumi na nane. Likiisha, kiti ni chake."

Kiema alikuwa ameshapeleka mkono kwenye mfuko wa shati. Mwongeli aliushika ule mkono kwa yake miwili, na kuhisi vile ulivyokuwa na nguvu.

"Deni tutalipa kwa ndengu, mvua ikinyesha," alisema. "Leo nalipia mkono mmoja tu. Nitaucheza mimi."

Wanaume wakacheka. Mwau hakucheka. "Haiwezekani hivyo, mama. Deni kwanza. Hata kitambulisho chake kiko hapa," akatikisa kopo. Ndani mlilia kadi nyingi, si moja.

"Wee Mwau," Kavata alisema kwa upole, akijisogeza na kuketi kwenye ile kreti aliyoiacha. "Mama yako tulibatizwa pamoja. Hii mashine iko na leseni?"

"Cucu, hayo ni mambo ya..."

"Nauliza tu, mimi sikusoma. Ukitaka twende kwa chifu tukaulizie deni, twende wote. Wewe utaeleza ni deni la nini. Mimi nitaeleza hizo vitambulisho ni za kina nani. Naona humu kuna watu wenye wake." Akamtazama shemasi. "Wewe, dari imekuwaje?"

Shemasi akasema, "Mwau, si umwachie mama mkono mmoja? Ni mmoja tu."

Mwau aliwapima kwa macho, kisha akashusha mabega. "Mmoja," alisema.

Mwongeli alitoa mia mbili za mayai kutoka kwenye soksi. Mwau akazipokea, akaingiza ufunguo, na namba ikasimama kwenye kioo: kumi. Mwongeli akaliinua koti kwenye kiti, likiwa zito kuliko alivyofikiri, akampa Kavata, akaketi. Kiti kilikuwa na joto, au ndivyo alivyoona yeye.

"Mungu," aliomba moyoni, na hii ndiyo sala aliyomficha mchungaji mpaka leo, "usinipe kitu."

Akabonyeza.

Karata zilianguka moja moja kwa sauti ya maji. Kingi. Nne. Kingi. Tisa. Kingi.

Chumba kizima kilivuta pumzi. "Kingi tatu!" Kiema alipiga kelele, akaruka nyuma yake. "Umeshinda tayari! Shika hizo tatu! Bonyeza shika, hapo chini, hapo, na hapo! Ikija ya nne ni elfu thelathini, Mama Ben, elfu thelathini!"

Hakuna aliyemwambia Mwongeli kwamba atataka. Hilo ndilo lililomtisha kuliko mchanga, kuliko macho ya Kiema. Kidole chake mwenyewe kilikuwa kimekwisha sogea juu ya kitufe cha kwanza. Aliiona elfu thelathini, aliiona kama mtu anavyoona mlango wa nyumba yake. Mbegu. Karo. Viatu viwili vya mtu mmoja. Na mwili wake wote ukasema: shika, mara moja tu, nani atajua.

Kisha akakumbuka. Tatu zinazofanana huleta mara nne. Akizishika atashinda, na akishinda kioo kitaandika nyingine, na hiyo nyingine haibebeki kwenda nayo nyumbani. Itabidi ichezwe. Ndivyo Kiema alivyoketi hapa tangu mwezi wa saba: si kwa kushindwa. Kwa kushinda.

"Zishike!" Kiema alikuwa akilia sasa, machozi ya kweli. "Mwongeli, nakuomba!" Hakuwa amemwita kwa jina mbele za watu tangu Ben azaliwe.

Mwongeli hakushika hata moja. Alibonyeza kitufe kikubwa, akazitupa zote tano.

Sauti iliyotoka kwa wale wanaume ilikuwa ya mazishi. Karata mpya zikaanza kuanguka, na yeye akashika kiti kwa mikono yote miwili, kwa kuwa mashine haina haya, inaweza kukupa ulichokataa. Saba. Mbili. Jeki. Tisa. Akangoja ya tano miaka mingi. Sita.

Hakuna.

Yale maandishi ya dhahabu yalizimika, na hayakuwaka tena. Kioo kilikuwa kioo tu, chenye alama za vidole vilivyojaa unga.

Kiema alikaa sakafuni. Mwau alikuwa wa kwanza kusema. "Huyu mama ni mwendawazimu."

"Ni kweli," Kavata alisema, akinyoosha kiganja. "Na anaishi nyumba moja na mwanangu, kwa hivyo usimkasirishe. Leta kitambulisho."

*

Lori la Hamud lilikuwa limewashwa, ng'ombe tayari wamepangwa ndani, vichwa huku na huku. Dereva hakuwemo. Alikuwa chini, amefungwa kwenye gurudumu la nyuma kwa kamba yake mwenyewe, akicheua. Kwenye paja la kulia alikuwa na alama ya rangi ya bluu ya Hamud, mbichi, ikimeremeta.

Hamud alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu za hina, anayenunua mifugo kuanzia Kyuso hadi Mtito Andei na anayejua kupandisha bei na kushusha bei kwa lugha nne. Alipowaona hakushangaa.

"Nimewaambia vijana, hii wacheni ikae mwisho," alisema. "Nimenunua ng'ombe kwa Wakamba miaka ishirini, mama. Mzee anapiga kelele ya bei, anakasirika, anauza, halafu anavua kamba yake. Huyu hakubishana. Nikasema arobaini na sita, akasema leta. Akakimbia, kamba akaniachia. Wallahi, mtu kama huyo hauzi ng'ombe. Huyo anakimbia moto."

"Tunaomba utuvumilie," Mwongeli alisema. "Pesa iko yote."

"Yeye ndiye aniletee."

Kiema akaitoa. Hamud alizihesabu noti moja moja, polepole, mbele ya wapakiaji na wanunuzi na wale watu wawili wa kwaya ambao, kama kawaida ya watu wa kwaya, walikuwa wamerudi. Kiema alisimama ameinamisha kichwa, unga mabegani, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Zilipotimia, Hamud akafungua kamba gurudumuni. Kiema akanyoosha mkono.

Hamud akampita, akaiweka kamba mikononi mwa Mwongeli.

"Rangi haitoki haraka," alimwambia. "Miezi miwili, mitatu. Pole."

Njiani Kiema alitembea mbele, Dereva katikati, wanawake nyuma. Walivuka mto mkavu, mahali palipochotwa mchanga, shimo likiwa bado wazi. Hapo Mwongeli alisimama.

"Ng'ombe tunao," alisema. "Sasa tutapanda nini naye? Gorogoro mbili?"

Kavata alikohoa. "Chini ya kitanda changu kuna vibuyu vya ndengu," alisema. "Nilianza kuiba mwezi wa nane. Kidogo kidogo, kila Kiema alipotoka."

"Mwaitu! Ulijua?"

"Sikujua. Niliona unga bila unga." Aliutazama mgongo wa mwanawe mbele. "Yule nilimzaa mimi, mwana wangu. Nikaona kama pipa litaibwa, afadhali liibwe na watu wawili. Ni debe moja tu. Ningekuwa na nguvu ya vijana ningeiba zaidi."

Debe moja lingetosha shamba la chini. Mashamba mengine mawili yangelala. Mwongeli alizipiga hesabu hizo akitembea, akatoa karo, akatoa deni la Mwau, na kila alipofika mwisho jibu halikutosha, akaanza upya.

*

Walipanda kulipopambazuka. Kiema alishika jembe la ng'ombe, Mwongeli akafuata nyuma akidondosha ndengu mbili mbili mferejini na kuzifunika kwa mguu. Kavata alikaa ukingoni na mwavuli, akiwaambia ng'ombe wanakokosea. Mawingu yalikuwa chini sana. Paja la bluu la Dereva lilipanda na kushuka mbele yao, na majirani waliopita barabarani walilitazama, wakasalimia kwa adabu iliyozidi.

Mwisho wa mstari wa tisa Kiema aligeuza jembe na kusimama.

"Mama Ben."

"Ee."

"Zile kingi tatu. Kwa mara kumi na mbili. Zingelipa ngapi, hata bila ya nne?"

Mwongeli alijua. Alikuwa ameipiga hesabu hiyo kwa ndengu usiku kucha, akiwa macho kando yake. Sarafu kumi na tano za ishirini, mara kumi na mbili: elfu tatu na mia sita. Hazingefika hata robo ya deni. Na bado yeye mwenyewe, kila alipofumba macho, aliziona zile kingi zikianguka, moja, mbili, tatu, na kidole kikasogea chini ya blanketi.

"Sijui," alisema. "Nilifumba macho. Lima, mvua inakuja."

Kiema akageuka, akapiga mluzi, ng'ombe wakavuta. Tone la kwanza likampata Mwongeli shingoni. Hakuinua uso. Alikuwa akiutazama mkono wa kulia wa mume wake kwenye mshikio wa jembe, jinsi vidole vilivyokuwa vikibonyeza ule mti: cha kwanza, cha tatu, cha tano.

Kamba ya Dereva alikuwa ameifunga kiunoni mwake tangu alfajiri, chini ya leso. Akaongeza fundo, akaendelea kupanda.